Pengo la Mlango wa Darasa la Nne

Hapo zamani, miwa ilipokuwa bado inakatwa kwa panga na mimi nikiwa bado na meno yangu yote, palikuwa na shule katika Kambi Tisa, na katika shule hiyo palikuwa na sufuria kubwa ya uji, na mpishi wa sufuria hiyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo asinibishie mtu. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, na niliyoyasikia niliyasikia nikiwa nimekalia ndoo yangu. Nikimaliza nitawauliza swali, na sitaki kusikia mtu akinijibu kwamba wote walistahili. Wote hawawezi kushika nyundo moja.

Tuanze na nyundo basi. Kengele ya shule yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la trekta, imening'inia kwenye mwarobaini. Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyeigonga, mwaka mzima. Aligonga, masomo yakaanza. Aligonga, uji ukanywewa. Aligonga, watu wakaenda kwao. Hata Mwalimu Mkuu akiwa katikati ya maneno yake, ringi ikilia, maneno yanakatika. Mwaka ule mshika nyundo alikuwa amemaliza darasa la saba akaondoka, na kwa wiki mbili kila mtu akawa anagonga anavyotaka. Siku moja darasa la tatu lilikwenda nyumbani mara mbili. Mwalimu Mkuu akaichukua nyundo, akaitia mfukoni, akaapa kwamba mshikaji atakuwa mmoja, mkono mmoja, mwaka mzima.

Huyo Mwalimu Mkuu aliitwa Kihwelo, na alikuwa mtu wa mistari. Alipenda watoto wasimame kwenye mistari, madawati yakae kwenye mistari, na masomo yaimbwe ubaoni mstari kwa mstari. Sasa katika shule ya mtu kama huyo akaletwa Mwalimu Sekela, binti wa Tukuyu, mwembamba, asiyejua kutulia. Akapewa darasa la nne.

Na darasa lenyewe sijui niwaelezeje. Kambi Tisa iliokota wakata miwa kutoka kila upande wa nchi, na wakata miwa walikuja na watoto wao. Mtoto mmoja akichomwa na mwiba, waliomzunguka walipiga ukelele kwa lugha tano. Mwalimu Sekela akasema hapa kuimba ubaoni hakutatufikisha, kwa sababu nusu wanaimba wasichokielewa. Akayavunja madawati kutoka kwenye mistari. Akawapanga watoto watatu watatu, na katika watatu hao hakutaka wawili wenye lugha moja ya nyumbani. Kila kundi lilipewa kazi ya mikono, na kila mkono ulipewa kazi yake. Sheria ilikuwa moja: kazi ya mwenzako huigusi kabla hajakuruhusu.

Walipima mvua kwa makopo. Walijifunza sehemu kwa kukata machungwa, na maganda nikayafagia mimi. Kisha wakatengeneza ramani ya nchi ukutani, kubwa kama kitanda. Kila mtoto aliumba mkoa wa kwao kwa magazeti yaliyolowekwa na gundi ya unga wa muhogo, maziwa wakayapaka buluu ya kufulia. Ilikuwa nzuri hata mimi niliacha uji nikaenda kuitazama.

Kumbe nyuma yangu alikuwapo mwingine aliyeitazama. Beberu. Mkia mweupe, ndevu ndefu, na mwenyewe hajulikani. Chumba cha darasa la nne hakikuwa na mlango, na huyo bwana alikuwa amegundua kwamba gundi ya muhogo ni tamu. Jumatatu aliingia akala Dodoma. Jumanne akala Kigoma pamoja na ziwa lake, akatoka na midomo ya buluu. Jumatano akala Mtwara yote. Kila wakimkimbiza, watu wanaona mkia mweupe unaingia kwenye miwa, basi.

Mwalimu Mkuu alikasirika, na zaidi alimkasirikia Mwalimu Sekela, akasema kwamba tangu azaliwe hajaona mbuzi akila somo lililoimbwa. Alhamisi asubuhi, mbele ya shule nzima, akatoa nyundo mfukoni na kuiinua.

"Atakayemkamata beberu huyu," alisema, "nyundo ni yake mwaka mzima. Na mwenye beberu, awe nani, atapika uji wa shule hii wiki nzima kwa mikono yake, na Mama Uji atapumzika."

Mama Uji ni mimi. Niliguna kwa furaha hadi watoto wakageuka.

Mwalimu Sekela yeye akaona somo. Akasema darasa litajitengenezea mlango, na kazi wapewe wale watatu ambao mikoa yao imeliwa, maana ndio wenye uchungu. Sasa wajueni watatu hao, kwa sababu nitawauliza habari zao.

Wa kwanza alikuwa Chitemo, Mgogo, mrefu, vidole virefu, anayetoka kambi ya mbali kuliko wote na kuchelewa kila siku. Aliitaka nyundo kwa hesabu zake mwenyewe: mshika nyundo hawezi kuchelewa, kwa kuwa shule haianzi mpaka afike.

Wa pili alikuwa Namkoka, Mmakonde, mtoto wa fundi seremala. Huyu aliitaka nyundo kwa ajili ya tumbo. Alikuwa ameshaniuliza kwa siri kama uji unaweza kuwa tayari saa tatu badala ya saa nne.

Wa tatu alikuwa Butoyi, binti wa Kiha, mdogo kuliko wote darasani. Alikuwa na miezi mitatu tu Kambi Tisa, na Kiswahili alikisikia vizuri lakini kilikuwa hakimtoki. Wenzake walishazoea kumsemea. Akiulizwa jina, jirani alijibu. Akiulizwa kama ameshiba, jirani alijibu. Lakini mimi nilikuwa naona kitu. Kila alipokuja kuchukua uji alipita kwanza kwenye mwarobaini, akaigonga ringi kwa ukucha, ikatoa kasauti kadogo, naye akatabasamu peke yake. Mtoto huyu aliitaka nyundo kuliko wenzake wote wawili, na hakuwa na maneno ya kuiomba. Roho yangu iliniuma kila nikimwona.

Basi kazi ikagawanywa. Chitemo apime upana wa mlango. Butoyi apange mbao kwa upana huo na kuziunga. Namkoka autundike mlango. Mbao za kreti zilipatikana kiwandani, zote za urefu mmoja, zikatosha kimo cha mlango. Kilichobaki ni upana. Kundi jingine likawashauri wachukue kamba. Chitemo akakataa, akasema kwao baba yake hupima kwa mkono na zizi halijawahi kuanguka. Akakikunjua kiganja, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, akakitembeza kizingitini: shibiri moja, mbili, tatu, nne, tano. Akamwendea Butoyi, akamwonyesha kiganja kilichokunjuliwa, na vidole vitano. Butoyi akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, na kweli alielewa. Akatandaza mbao chini, akakikunjua kiganja chake, akakitembeza juu yake: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaunga hapo hapo, misumari imenyooka, kazi safi.

Namkoka akaunyanyua mlango kwenda kuutundika. Hakuwa na bawaba za chuma, hivyo akaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Na kwa kuwa komeo halikufika upande wa pili, akavuta kipande kingine cha tyubu mpaka kwenye msumari wa fremu. Mlango ukasimama. Na kando ya mlango likasimama pengo, pana la kupitisha kichwa cha mtu.

Saa nane Mwalimu Mkuu akaja kuukagua. Akautazama mlango. Akalitazama pengo. Akaingiza kichwa chake kwenye pengo, akachungulia ndani, akakitoa taratibu. Akauliza nani amefanya hivi.

"Si mimi, Mwalimu," alisema Chitemo. "Nilipima shibiri tano." Akapima tena kizingitini mbele ya watu wote, zikawa tano.

Ikawa zamu ya Butoyi. Aliinama, akatembeza kiganja chake juu ya mlango, watoto wakamhesabia kwa sauti, zikawa tano. Jirani yake akamsemea: "Si yeye, Mwalimu."

"Si mimi, Mwalimu," alisema Namkoka. "Mimi nilitundika nilicholetewa."

Tano hapa, tano pale, na pengo lipo. Kisha Mwalimu Sekela akawaambia Chitemo na Butoyi waweke viganja pamoja, kimoja juu ya kingine. Kiganja cha Butoyi kikamezwa na cha Chitemo. Darasa zima likapiga kelele kwa pamoja, kila mtu akamgeukia jirani yake kupima naye viganja, Msukuma na Mmakonde, mrefu na mfupi, wakawa wanacheka na kupimana mpaka miguu. Mwalimu Sekela akawa anarukaruka kama msichana, anasema sasa mmejua kwa nini watu walitengeneza futikamba, sasa hamtasahau mpaka mzeeke. Mimi nilikuwa dirishani na mwiko wangu, nikajikuta nimeupima kwa shibiri.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Akasema ikifika Jumatatu madawati yarudi kwenye mistari, na mlango ule ung'olewe. Akaenda zake. Na wale watatu wakatoka kila mtu na njia yake, hakuna aliyetaka kuonekana na mlango ule.

Ijumaa asubuhi shule ikiwa mstarini, wimbo wa taifa uko katikati, tukasikia mlio kutoka darasa la nne. Si mlio wa mtu. Mwalimu Mkuu alijitahidi wimbo uishe kwa heshima, lakini ulipofika mwisho alikuwa anaimba peke yake.

Beberu alikuwa amekuja kumalizia Lindi. Akakuta mlango. Akaona pengo. Akaingiza kichwa, na pembe zilipita kwa kuwa zimelala kwenda nyuma. Alipotaka kurudi, pembe zikakamata fremu, na tyubu ya Namkoka ikavuta mlango ukambana shingo. Akirudi nyuma pembe zinakataa, akisonga mbele mabega yanakataa. Kichwa kilikuwa darasani, mengine yote yalikuwa uwanjani, na mkia mweupe unapepea. Kwa mara ya kwanza beberu yule alikuwa amehudhuria somo tangu mwanzo.

Watoto walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mwalimu Mkuu akapenya katikati yao kwa hasira, akaingilia dirishani ili aone uso, tayari kumjua mwenye mbuzi. Akafika. Beberu alipomwona akanyamaza kulia, akatulia, akamlamba kiganja.

Naona mmeshaotea. Ndiyo. Alikuwa beberu wa nyumbani kwake mwenyewe, ambaye mkewe alikuwa akidhani anashinda kwenye majani ya mferejini. Mwalimu Mkuu alikohoa. Akakohoa tena. Akatazama juu, akatazama chini. Na hapa nitamsifu, kwa sababu mistari yake aliifuata hata ilipompitia yeye. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaniomba mwiko. Nikampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikaenda kukaa juu ya ndoo.

Sasa nani amemkamata beberu? Hapo ndipo pasipoisha. Wale watatu walikuja jikoni mbio wakasimama mbele ya moto, na Mwalimu Mkuu akiwa anakoroga, machozi ya moshi yanamtiririka, akaanza kusikiliza kesi.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema Chitemo. "Wenzangu walitaka kamba. Kamba ingetoa mlango unaotosha, beberu angesukuma akakuta pamefungwa, angehamia darasa la tatu, na mpaka leo asingejulikana ni wa nani. Mimi ndiye niliyeikataa kamba. Kosa lilianzia kwangu, kwa hiyo beberu ni wangu."

Mwalimu Mkuu akakoroga, akasema kuna ukweli hapo. Akakumbusha tu kwamba jana kosa halikuwa lake. Chitemo akajibu kwamba jana lilikuwa bado halijamkamata mtu.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema Namkoka. "Pengo peke yake halikamati. Tyubu yangu ndiyo iliyombana shingo. Na kuna jambo jana sikulisema." Hapo akainamisha kichwa. "Niliona. Kabla sijatundika niliona mlango hautoshi, na ubao mmoja ulikuwa umebaki, nimeukalia. Ningeuongeza tu. Lakini Butoyi alikuwa amemaliza, anautazama mlango wake anafurahi, na ilikuwa mara ya kwanza tunamwona anafurahi darasani. Nikasema moyoni, nikimwonyesha amekosea, hatashika tena msumari. Nikautundika hivyo hivyo. Hao wengine wawili walikosea bila kujua. Mimi nilijua, na nikaliacha pengo."

Mwiko ukasimama. Chitemo akauliza tangu lini mtu akapewa zawadi kwa kunyamaza. Mwalimu Sekela, aliyekuwa amefika mlangoni, akasema aliweka sheria ya kutogusa kazi ya mwenzako, lakini hakuweka sheria ya kutomwambia. Kisha akasema pia kwamba yeye mwenyewe aliona, naye alinyamaza, kwa kuwa alitaka walione wenyewe. Akacheka kwa aibu.

Akabaki Butoyi, wa kusemewa. Jirani yake alishafungua kinywa. Butoyi akamwekea mkono kifuani, akamrudisha nyuma. Akasogea karibu na sufuria, akakinyanyua kiganja chake mbele ya macho ya Mwalimu Mkuu, kimekunjuliwa chote, kidogo kama jani la mchicha.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Mkono mrefu wa Chitemo unatosha mlango. Mkono uliofanya pengo ni huu."

Jamani, sisi hatukuwahi kumsikia. Miezi mitatu. Sauti ilikuwa nene kuliko mwili wake. Nililia, na sitawadanganya kwamba ulikuwa moshi. Mwalimu Sekela alijishika kichwa kwa mikono miwili. Hata Namkoka alipiga makofi, kisha akakumbuka kwamba yumo kwenye kesi, akaacha.

Na maneno ya Butoyi yalikuwa na mantiki, msimwonee huruma tu. Kama Chitemo angepima na kuunga yeye mwenyewe, mlango ungetosha. Kama Butoyi angepima na kuunga yeye mwenyewe, mlango ungetosha vilevile, kwa kuwa angehesabu shibiri zake mwanzo na mwisho. Chitemo akadakia kwamba basi hata shibiri zake zinahitajika. Namkoka akadakia kwamba mkono mdogo ungefanya pengo lakini pengo lingezibwa kwa ubao mmoja, na ubao aliukalia nani?

Mwalimu Mkuu akamwomba Mwalimu Sekela aamue, kwa kuwa njia hii ya kufundisha ni yake. Mwalimu Sekela akasema kwa njia yake haamui mtu mmoja, akaligawa darasa watatu watatu wakaenda kujadiliana chini ya madirisha. Walirudi na majibu manne. Makundi matano yalisema Chitemo. Makundi matano yalisema Namkoka. Makundi matano yalisema Butoyi. Na kundi moja, ambalo sitalitaja kwa kuwa mjukuu wangu alikuwamo, lilisema nyundo apewe beberu, kwa sababu bila yeye hakuna kesi.

Mtoto mmoja akapendekeza kila mmoja ashike siku mbili. Mwalimu Mkuu akasema hapana, mkono mmoja, mwaka mzima, lisije tena darasa la tatu likaenda nyumbani mara mbili. Lakini madawati, alisema, yabaki yalivyo. Alilisema hilo haraka haraka, akiwa amegeukia moto, kana kwamba tusisikie.

Akaitoa nyundo mfukoni akaiweka juu ya jiwe, kati yake na watoto watatu. Saa nne ilikuwa imefika. Shule nzima ilikuwa uwanjani na vikombe. Mwalimu Mkuu alikuwa amesahau kukoroga kwa muda, na mimi pua yangu ilishaniambia kwamba chini ya sufuria mambo si mazuri. Mikono mitatu ikanyoshwa kuelekea kwenye jiwe: mrefu, wa kati na mdogo.

Ringi ililia siku ile, hilo nawahakikishia, kwa kuwa uji nilikunywa, na ulikuwa umeungua. Lakini mkono ulioigonga siutaji mpaka nanyi mjadiliane. Yule aliyekataa kamba bila kujua atakalolizaa, yule aliyeona pengo akaliacha kwa ajili ya mwenzake, na yule ambaye mkono wake mdogo ulifanya pengo na aliyelidai kwa kinywa chake mwenyewe. Nyundo iko juu ya jiwe, uji unaungua, na watoto wana njaa. Je, nani alistahili kuishika?